Kupitia kwa Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeonewa! Kalamu inatoboa karatasi ninapoandika, na ni kwa hasira, si kwa uzee. Neno uzee leo limenitosha.

Miaka ishirini na moja masjala. Kila faili la wizara hii nalijua kwa harufu. Bosi wetu wa masjala amestaafu, kiti kiko wazi, zamu ni yangu, hata mfagizi anajua. Asubuhi Mkuu wa Idara akatuita ukumbini akatangaza kwamba cheo amepewa Kishikwambi. Kishikwambi! Kijana wa juzi, haendi hata msalani bila kishikwambi chake kwapani, ndiyo maana nikampa jina hilo. Nikauliza kwa adabu, kosa langu nini. Mkuu akacheka.

"Mzee wetu, kazi hii inataka damu changa. Watu wa umri wako wajiandae kupumzika."

Ukumbi mzima ukacheka naye. Nina miaka hamsini na sita. Imebaki minne nistaafu, na pensheni hupigiwa hesabu kwa cheo cha mwisho. Huyu mtu ananinyang'anya uzee wangu huku akinicheka kwamba ni mzee.

Jumanne, 4 Machi

Kuna tangazo ukutani, kando ya lifti isiyofanya kazi. Mtumishi aliyebaguliwa kwa umri, jinsia, dini au ulemavu amwone afisa wa malalamiko, chumba cha chini, ndani ya siku thelathini tangu jambo lilipotokea. Nimelisoma mara tatu. Mwezi mzima! Mkuu kaisha.

Mke wangu kauliza kwa nini sikushuka mara moja, na chumba chenyewe kimo jengo hilo hilo. Nikamwambia simba mwenda pole ndiye mla nyama. Akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Hajui mambo ya serikali. Kwanza ushahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango ulikuwa safi. Simu mfukoni, inarekodi. Nimchokoze Mkuu arudie yale maneno. Nikaingia kuulizia likizo. Nikakohoa. Nikashika kiuno. Nikasema siku hizi ngazi zinanishinda, macho nayo ndiyo hivyo.

Mkuu akainuka akanivutia kiti kwa mkono wake! Akanimiminia maji! Akasema pole sana. Mnafiki mkubwa.

Nimesikiliza nyumbani. Robo saa ya kitambaa kikikwaruza simu, halafu sauti yangu, safi kabisa, ikisema mimi nimechoka na sioni. Ushahidi umepatikana, ila ni wa kunimaliza mimi. Mke wangu amecheka mpaka akakaa sakafuni. Nimeufuta.

Ijumaa, 14 Machi

Barua tayari. Kurasa sita. Ukurasa wa nne nikiusoma mwenyewe machozi yananilengalenga. Nimeiandika kama barua ya mtumishi inavyotakiwa: kwa Afisa wa Malalamiko, kupitia kwa Mkuu wa Idara. Mtumishi haandiki popote bila kupitia kwa mkuu wake. Huo ndio utaratibu, na utaratibu ndio ulionilea.

Mke wangu kaishika ile barua, akaisoma juu, akaniangalia.

"Unamshtaki yeye, halafu unampa yeye akupelekee? Baba watoto, hivi fisi naye unampa bucha alinde?"

Nikamweleza kwamba ujanja uko hapo hapo. Lazima aisome kwanza. Atetemeke. Atakuja kunibembeleza nyumbani, na nitamwacha asimame mlangoni.

Kishikwambi kaigonga mhuri wa kupokelewa. Mhuri wangu! Akaninong'oneza kwamba mama wa chumba cha chini hahitaji barua, anapokea hata kwa mdomo. Anataka nivunje utaratibu nifukuzwe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 26 Machi

Kimya. Mkuu alinisalimia kwa tabasamu wiki nzima iliyopita. Barua imelala kwenye trei yake, chini ya kalenda ya mwaka jana, naiona kila nikipeleka mafaili. Sasa kaenda semina mpaka wiki ijayo. Semina ya haki za watumishi! Nimelipiga kabati teke. Kabati halina neno, kidole changu kimevimba.

Mke wangu kanikumbusha tarehe. Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Amekwenda kulala bila kuniaga.

Jumatano, 2 Aprili

Siku ya mwisho. Nimekaa mlangoni kwa Mkuu tangu asubuhi. Kaingia saa nane na nusu mchana, ana mkoba mpya wa semina. Akaivuta barua chini ya kalenda, akaipangusa vumbi, akaandika pembeni: "Nimeona. Iendelee." Hata kutetemeka hakutetemeka!

Nimekimbia masjala ipate namba ya kutoka. Kishikwambi kanionyesha karatasi ukutani. BARUA HAZISAJILIWI BAADA YA SAA NANE MCHANA. HAKUNA CHA NDUGU WALA RAFIKI. Mwandiko wangu. Hayo ya ndugu niliyaongeza mwaka ule alipokuja shemeji yangu.

"Mzee, mimi nitakusajilia tu," akasema. "Au shuka mwenyewe sasa hivi. Mama yupo mpaka saa tisa na nusu."

Mimi nipokee fadhila za Kishikwambi? Nivunje kanuni niliyoibandika kwa mkono wangu? Na barua isiyo na namba ni karatasi ya kufungia karanga. Nikarudi kwenye meza yangu, nikakunja mikono, nikaiangalia saa ya ukutani mpaka tisa na nusu ikapita. Kila dakika iliyopita, haki ilikuwa upande wangu.

Alhamisi, 3 Aprili

Barua imesajiliwa asubuhi, ya kwanza kabisa. Nimeshuka nayo. Mama wa malalamiko ni mtu wa makamo yangu, miwani kaifunga kamba. Kasoma kurasa zote sita. Ule wa nne kaurudia. Akavua miwani.

"Ndugu yangu, umebaguliwa, tena waziwazi. Shauri hili ungeshinda. Lakini muda umeisha jana."

Nikamwonyesha mhuri wa tarehe 14. Akasema huo ni wa masjala. Kwake siku inahesabiwa pale mtu anapofika. Nikapaza sauti. Aliningoja nimalize. Kisha akasema ningeingia siku ile niliyosoma tangazo nikatamka tu kwamba nimeonewa, angeandika yeye, na mstari mmoja ungetosha.

Nimepanda ngazi masikio yanavuma. Nimemkasirikia Mkuu, Kishikwambi, yule mama, na lifti. Nyumbani mke wangu hakunisema. Alinipakulia, akakaa karibu yangu, na hapo nikaisukuma sahani. Kile kiti kilikuwa changu.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkuu kabandika orodha ya mafunzo ya kompyuta. Mafunzo yenyewe yanapandisha cheo! Chini kaandika kwa kalamu: waliovuka hamsini wasijisumbue. Na sahihi kaweka!

Kishikwambi kanivuta pembeni. Ameshalipiga picha tangazo. Ameshauliza chini: hili ni jambo jipya, siku zinaanza kuhesabiwa upya leo. Yule mama anasema niende sasa hivi, mlango ameuacha wazi. Mke wangu naye, sijui nani kamwambia, kapiga simu. Nenda, baba, nenda tu, mengine baadaye.

Wote wana haraka. Kelele zao ndizo zilizonichanganya mara ya kwanza. Safari hii nimejifunza. Nimekaa, nimetulia, nimetoa karatasi yenye nembo. Zitakuwa kurasa tisa. Juu nimeandika jina la Afisa wa Malalamiko, na chini yake, kwa herufi kubwa ili aone vizuri akitetemeka: KUPITIA KWA MKUU WA IDARA.

Kesho naiweka kwenye trei yake. Karani wake anasema Mkuu anaanza likizo kesho hiyo hiyo, mwezi mzima na wiki juu. Vizuri sana. Atarudi akute bomu mezani.