Wimbo wa Bwana Harusi Aliyezama Deveron

Jumatatu, 5 Machi
Mchungaji Leith kapata nyimbo tatu tena! Za kale, eti, kutoka midomoni mwa wazee. Mimi nimepata mafua. Jumamosi Chama cha Nyimbo kinachagua mhariri wa kitabu chake cha nyimbo za kale, na nafasi ile naitaka kwa kufa na kupona. Basi nimetunga wimbo wa kale mwenyewe, kabla uji wa shayiri haujapoa. Bwana harusi anazama mto Deveron. Leith ataudaka, ataunadi kuwa una miaka mia tatu, nami nitasimama nimuumbue. Safi!

Jumatano, 7 Machi
Wimbo nimemfundisha Elspet Mennie, mjane wa mwenye kinu cha kusagia nafaka, mwimbaji tunayemgombania mimi na Leith. Nikamwomba aseme kaupata kwa bibi yake. Akaja juu! Umri atadanganya, maziwa atatia maji, lakini mwimbaji hutaja aliyempa wimbo, na mimi mwalimu mzima sioni haya? Nikambembeleza kwa pakiti ya chai. Chai akapokea. Akalalamika tu kwamba bwana harusi anazama bila kumwita mama yake, sasa watu watalia saa ngapi?

Ijumaa, 9 Machi
Balaa! Elspet kaimba, kisha kamwambia Leith kaupata kwangu. Leith kaja mbio. Kanikalisha kwenye kiti changu mwenyewe, kaniuliza polepole, kwa sauti ya kusema na viziwi, kama nyanya yangu, ambaye eti ndiye aliyeniachia wimbo, alijua kusoma. Nikameza hasira, nikamwimbia. Kesho ndiyo kesho. Akafuta machozi, akaniita mzee wangu. Nina miaka arobaini na moja!

Jumamosi, 10 Machi
Leith akausoma mbele ya Chama. Nikasimama, nikapaza sauti kwamba nimeutunga mimi, jikoni, wiki hii! Wakacheka kwa upole. Mwenyekiti akasema waimbaji wa vijijini wote hudai hivyo, akaagiza dai langu liandikwe. Nikaapa. Wakapiga makofi. Mhariri ni Leith. Mimi nimo kitabuni: "E. Duguid, mwimbaji. Hajui asili ya wimbo wake." Kisha Elspet akauimba, kamwongeza mama wa bwana harusi. Ukumbi mzima ukalia. Na mimi nikalia, mjinga mkubwa.

Jumapili, 11 Machi
Leith kahubiri unyenyekevu, macho kwangu. Baada ya ibada kanishika mkono: mzee wangu, nyanya hakuacha nyimbo nyingine? Ha! Kajileta mwenyewe. Nimeshaanza. Mchungaji anazama Deveron. Anamwita mama yake. Mama hatoki.