Kreti Nne za Korongo ya Zamani

Dishon Oduor alijua kwamba Mungu bado anamkumbuka siku ile ya Jumatatu, saa tisa mchana, alipoingia baa ya Absalom pale Nyamasaria na kumkuta mtu mzima akilia juu ya bia.

Aliyekuwa analia ni Waliaula, fundi wa mawe, mtu wa mabega ya kubebea nyumba. Hakuwa amefiwa. Mbele yake palikuwa na chupa sita tupu za Korongo, na yeye alikuwa na akili zake zote, tena nyingi kuliko alizoingia nazo, na hilo ndilo lililomliza.

"Sita," Waliaula alisema. "Zamani sita zilikuwa zinanilaza kwa mtaro pale karibu na kanisa, nalala vizuri mpaka asubuhi. Sasa napita huo mtaro nikiuangalia tu. Juzi nimefika nyumbani mapema, bibi akaniona niko sawa, akanipatia jembe."

Meza nzima ilimhurumia. Kila mmoja pale alikuwa na jembe lake nyumbani.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na moja, mwaka mbaya. Kiwanda kilikuwa kimetangaza redioni kwamba Korongo, bia ambayo watu wa Nyamasaria walikuwa wamebatizwa nayo ukubwani, sasa imeboreshwa. Ilikuwa imeboreshwa kwa faida ya afya ya wanywaji. Wanywaji hawakuwa wameomba afya. Walionja mara moja wakajua kwamba mtu fulani mwenye tai, ameketi ofisini huko Nairobi, ameipunguza nguvu na kuacha bei pale pale.

Mzee Shitanda, karani mstaafu wa reli, alikuwa ameandikia kiwanda barua tatu kwa mwandiko mzuri sana. Walimjibu kwa kumtumia kalenda. Wazee waliokuwa wakinywa baridi maisha yao yote walihamia bia moto, kwa imani kwamba friji ndiyo inanyonya nguvu. Wengine walianza kupotelea ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja aliyepika vitu ambavyo serikali haikupenda visikike. Absalom, mwenye baa, alikuwa ameketi nyuma ya kaunta akihesabu viti vitupu.

"Mzee Absalom," Dishon akasema, akavuta kiti. "Hawa watu wamekosewa sana."

Sasa, huyu Dishon ni lazima tumweleze, maana yeye mwenyewe akijieleza hamtamjua. Alikuwa mwenyeji wa Nyalenda, mwembamba, shati lake limepigwa pasi hata siku ambayo tumbo halina kitu. Ndani ya miaka mitano alikuwa amewahi kuwa daktari wa meno, mkaguzi wa mizani, na kwa siku mbili tu, mkaguzi wa maziwa. Kazi hiyo ya maziwa iliisha vibaya, lakini aliondoka na kumbukumbu moja: kile kioo kirefu chembamba chenye namba, kizito upande wa chini, ambacho watu wa maziwa hutumbukiza ndani ya ndoo ili wajue kama mkulima ameongeza maji. Alikuwa amekiweka kwa soksi muda huo wote akingoja kazi nyingine itokee.

Na safari hii Dishon hakuwa akicheza. Kule Katito kulikuwa na msichana anaitwa Dorca. Yeye alimpenda, bila hila yoyote, na jambo hilo lilimtisha sana kwa sababu hakuwa amelizoea. Baba yake Dorca, Mzee Ogola, alikuwa amesema maneno machache: Jumamosi alete ndume mmoja wa kufungulia mazungumzo ya mahari, asipoleta, Jumapili mwalimu Gordon kutoka Sondu anakuja na mitamba wawili. Mali ya Dishon yote ilikuwa baiskeli na redio kaseti.

Na Absalom, kama kila mtu alivyojua, alikuwa na ng'ombe.

*

Alhamisi mchana Dishon alirudi akiwa amevaa koti jeupe. Aliomba glasi mbili na chupa moja ya Korongo kutoka kwa friji, akachomoa kile kioo.

"Hiki ni kipima nguvu," akasema. "Mimi nilikuwa injinia wa kiwanda miaka minane. Niliacha siku waliposema tuongeze maji. Niliwaambia, mimi nina mama, siwezi."

Nakhungu, msichana wa kaunta, mwenyeji wa Bungoma, aliifungua ile chupa pale pale mezani, maana baa za Kisumu hakuna mtu anayekunywa chupa iliyofunguliwa mahali asipoona. Dishon akamimina haraka, povu likajaa, akatumbukiza kioo. Kilibebwa na baridi na povu, kikaelea juu.

"Mnaona? Bia inakitema. Haina kitu ndani."

"Nilisema," akasema Mzee Shitanda. "Niliwaandikia."

Dishon akatoa mfukoni chupa nyingine ya Korongo, moto, imejaa vumbi na utando wa buibui. Alikuwa ameinunua jana yake dukani na kuibingirisha jikoni kwa mama yake kwa saa nzima. Nakhungu akafungua tena mbele ya wote. Safari hii Dishon alimimina polepole, glasi ameilaza, akangoja kidogo huku akiwaombea watu wa kiwanda msamaha. Kioo kikazama mpaka karibu na chini.

Watu wakasogeza viti karibu. Kisha Waliaula akainua ile glasi kwa mikono miwili.

Nitawaambia kitu ambacho hata Dishon hakukitarajia. Waliaula alikunywa nusu, macho yakalegea. Alimaliza, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa Kibukusu. Baada ya dakika kumi aliomba ashikwe mkono, na watu waliomsindikiza walirudi wakisema ameingia mtaroni mwenyewe, kwa furaha, jua likiwa bado liko juu.

"Hiyo ndiyo ya zamani," Dishon akasema kwa unyenyekevu. "Kuna lori lilikwama kabla ya mabadiliko. Ziko kreti nne tu zimebaki, na ni mimi najua ziliko."

Absalom alikuwa ameshika kaunta kama mtu anayeogopa kuanguka. Tayari alikuwa anawaza ile bei ambayo angeitoza kwa chupa.

"Injinia, unataka ngapi?"

"Mzee, mimi sitaki pesa. Pesa inaleta maneno. Nipatie ndume mmoja, tumalizane kama ndugu."

"Ndume kwa kreti nne?"

"Basi wacha. Kuna mtu wa Ahero ananingoja."

"Nani amesema wacha? Kaa chini, omera. Nina ndume kwa boma la ndugu yangu, mkubwa, utampenda."

Wakati huo Nakhungu alikuwa amechukua kile kioo, anakipangusa taratibu kwa kitambaa, akisoma namba zake.

"Injinia," akauliza, "hiki mnapimaga bia peke yake?"

"Bia tu, dada. Kimetoka Ujerumani."

"Sawa, baba," akasema Nakhungu, akakirudisha kwa heshima zote.

Ijumaa asubuhi Dishon aliingia depo moja mjini akiendesha baiskeli na redio ikiwa mgongoni, akatoka kwa miguu na kreti nne za Korongo kwenye mkokoteni, ile ile Korongo ya kawaida iliyoboreshwa. Alizipaka vumbi mpaka mama yake akauliza kama kuna mtu amekufa. Jioni zilikuwa kwa Absalom. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akamwambia aje Jumamosi alfajiri achukue mali yake.

*

Dishon alipomwona huyo ndume, moyo ulimruka. Alikuwa mwekundu, pembe zimekaa vizuri, na tumbo limejaa pande zote mbili kama ngoma. Absalom alimkabidhi kamba bila kujadili. Nakhungu naye alikuwa amesimama pale langoni, amejifunga leso, akamtakia safari njema mara mbili. Dishon alishika barabara haraka kabla mzee hajabadilisha nia. Watu wazima wanadanganyika kirahisi, aliwaza, karibu ni dhambi.

Ndume alikojoa walipopita daraja la kwanza. Akakojoa tena baada ya hapo. Ng'ombe hukojoa, hilo Dishon alilijua, ingawa hakujua kwamba ng'ombe mmoja anaweza kuifanya kazi hiyo kwa moyo namna ile. Alikojoa kwenye mashamba ya miwa, akakojoa mbele ya shule ya msingi watoto wakishangilia. Na kila aliposimama, Dishon alimtazama ubavuni na kuona kuna mfupa ambao hakuwa ameuona mwanzo.

Walipofika Ahero, saa nne na nusu, kamba iliyokuwa imekaza shingoni ilikuwa inacheza.

Kando ya barabara, karibu na wauza mchele, alikuwa ameketi dalali wa ng'ombe anayeitwa Dalmas, fimbo kwapani. Alimtazama ndume, akamtazama Dishon, akaanza kutabasamu.

"Huyo ni ndume wa Absalom."

"Ni wangu," Dishon akasema.

"Ni wako sasa. Jana usiku nilikuwa naye mimi. Kilo nne za chumvi, kisha mapipa ya maji. Ni kazi nzuri, ama vipi? Inakaa mpaka asubuhi, inatosha kuuza. Lakini huwa tunawauzia watu wa karibu. Nani alikwambia umtembeze?"

Dishon aliketi kwenye gunia la mtu.

"Kwa nini Absalom anifanyie hivyo?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Mimi nilimkosea nini?"

"Eti kuna jamaa anapima bia na kioo cha maziwa," Dalmas akasema, akipangusa macho. "Yule Nakhungu amefanya kazi kiwanda cha maziwa miaka mitatu. Alimwambia mzee Alhamisi hiyo hiyo."

"Na bado akachukua bia yangu?"

"Angeiacha kwa nini? Watu wote waliona imepimwa. Jana jioni alikuwa anauza chupa bei ya mbili, na watu wanalewa mpaka wanabebwa. Mzee anasema wewe ni mtu wa maana sana."

Dishon alifikiria kurudi. Angerudi kusema nini? Angemshitaki Absalom kwa askari yupi, na akiulizwa alilipa na nini, ajibu vipi? Na ile baiskeli haikuwepo tena, redio haikuwepo, siku ilikuwa Jumamosi. Akainuka, akashika kamba. Aliogopa kumpoteza Dorca kuliko alivyoogopa kuchekwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

*

Kwa Mzee Ogola, Katito, viti vilikuwa vimepangwa uani tangu saa sita. Wajomba watatu walikuwa wameketi wakiwa na makoti yao. Saa kumi na nusu waliona vumbi, kisha Dishon, kisha, baada ya kutazama sana, ndume.

Mzee Ogola aliinuka akamzunguka yule mnyama. Alizihesabu mbavu za kushoto, akaenda upande wa pili kuhakikisha kama zinalingana.

"Umemtoa wapi?"

"Nyamasaria, Baba."

"Alikuwa hivi huko?"

"Hapana, Baba. Alikuwa mnono."

"Na huo unono umeuacha wapi?"

Dishon alifungua mdomo. Majibu yalikuwepo, matatu au manne, mazuri sana: ugonjwa, wezi, mbung'o wa kule Kano. Kisha akaona kule mlangoni mwa jikoni Dorca amesimama na mwiko mkononi, anamtazama, na yale majibu yote yakamkauka kinywani.

"Barabarani, Baba," akasema. "Kidogo kidogo, mpaka Ahero. Pale Ahero ukaisha."

Kisha akaeleza kila kitu. Alieleza kioo cha maziwa, vumbi, koti jeupe, chumvi. Wajomba walijaribu kukasirika, lakini alipofika kwa Waliaula na mtaro mjomba mkubwa alilazimika kuvua miwani. Dorca alicheka mpaka akakaa chini.

"Kumbe hata Korongo ni maji," Mzee Ogola akasema mwishowe, kwa huzuni, maana yeye pia alikuwa mnywaji. "Sasa mmefikia ng'ombe." Akawageukia wajomba. "Huyu arudi kwao. Kesho tumpokee mwalimu."

"Baba," Dorca akasema kutoka kule mlangoni. "Mimi namjua Dishon miaka miwili. Leo ndiyo mara ya kwanza amesema ukweli. Nataka kusikia mwingine kabla hamjamfukuza."

Wazee walitazamana. Walinong'ona kwa muda mrefu, mjomba mkubwa akitikisa kichwa, kisha akikubali. Mzee Ogola akarudi mbele.

"Mwalimu tutamwambia angoje. Wewe, huyo ndume amebaki hapa, na utamchunga mwenyewe. Siku nitakapokosa kuona ubavu hata mmoja, tutaanza mazungumzo."

Dishon alishtuka kweli kweli. Kwa mila za huko, mkwe hata chakula hali kwa raha nyumbani kwa wakwe, sembuse kushika fimbo akafukuzana na ng'ombe wao mbele ya mama mkwe.

"Lakini Baba, mkwe hachungi kwa wakwe zake. Ni aibu."

"Ni kweli," Mzee Ogola akasema. "Kwani nani amekwambia wewe ni mkwe? Malisho yako kule chini kando ya mto. Anza sasa, jua bado lipo."

Dishon akakunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akashika kamba. Ilimchukua miezi saba. Mwezi wa tatu alianza kuwaambia majirani kwamba yeye ni daktari wa mifugo kutoka Nairobi, Dorca akamwita kando wakaongea, na kuanzia siku hiyo, mtu akimuuliza kazi yake, alijibu kwamba anachunga ng'ombe.