Udi wa Kukagulia Hita

Jumatatu, 9 Juni

Nimepata wazo! Mkaguzi mwenzangu Brighton ana mashine yake kutoka Dar. Akiisogeza karibu na hita ya gesi, inalia kama kuna hewa mbaya. Wenye nyumba wa Lindi wanaipenda hiyo mashine kuliko wanavyonipenda mimi, mkaguzi niliyeanza kazi kabla yake. Siku hizi kila anayejenga nyumba ya kupangisha anatia hita bafuni, na kila mpangaji anataka ikaguliwe kwanza. Kazi zote anapewa Brighton.

Mashine ya nini? Hita ina bomba la kutoa moshi nje. Shika kitu kinachofuka pale chini ya bomba. Moshi ukivutwa juu, salama. Ukirudi chumbani, bomba limeziba, na hewa ya sumu inabaki na anayeoga, sawasawa na kulala na jiko la mkaa milango imefungwa. Mimi nitatumia udi. Brighton awapigie watu kelele, mimi ninukishe nyumba. Kina mama watanigombania!

Mke wangu Monika ameuliza Mkatoliki wa Kipatimu kama mimi mambo ya udi ameyajulia wapi.

Jumanne, 10 Juni

Kazi ya kwanza, hapa hapa Rasbura, kwa Bi Mboni. Anampangisha Mwalimu Fortunata, aliyejifungua juzijuzi. Mumewe, Laurenti, yuko safarini. Amepiga simu kusisitiza hita ikaguliwe kabla mkewe hajaingia. Nimefika na chetezo changu, nikaamkia shikamoo. Bi Mboni akaitikia marahaba mwanangu, pita ndani. Nikapita. Balaa!

Nyumba nzima imejaa udi. Bi Mboni amefukiza tangu asubuhi kumkaribisha mzazi, na madirisha ameyafunga ili harufu iingie kwenye mapazia. Bafuni sikuona hata vidole vyangu. Nikaweka udi wangu chini ya bomba. Moshi wangu ukaenda wapi? Sijui. Ulichanganyika na wa mwenyewe.

Ningesema nitarudi kesho. Lakini Bi Mboni alisimama mlangoni akiusifia udi wangu, akasema yule Brighton hana adabu, anaingia na viatu. Neno likanitoka kwamba hita ni salama kabisa. Nimeondoka machozi yananitiririka. Ya moshi tu.

Jumatano, 11 Juni

Fortunata amehamia. Mama yake amekuja kumkanda. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni, mpaka arobaini. Na kwa kuwa upepo wa kusi umeanza kuvuma, madirisha hayafunguliwi, mtoto asije akapata baridi. Haya yote nimeyasikia dukani. Moyo paa! Nimesahau hata nilichotumwa kununua.

Mpango: niende nikaseme ukweli. Nimeufuta. Brighton atasikia.

Mpango mwingine: nimekwenda kumwambia mama yake Fortunata kwamba siku hizi wataalamu wanashauri wazazi watumie maji ya baridi. Ameniuliza wataalamu gani, na mimi nimezaa mara ngapi. Nikaomba radhi. Nilipokuwa natoka nikasikia hita inawaka, vuuu. Jasho limenilowesha shati, na baridi yote hii!

Alhamisi, 12 Juni

Leo nimetumia akili. Mtungi wa gesi uko nyuma ya nyumba ya Bi Mboni. Nimepita kama mtu anayetafuta kuku, nikaufunga mtungi, nikafungua koki inayouunganisha na mpira wa gesi, nikaitia mfukoni. Hakuna koki, hakuna gesi, hakuna maiti. Nimekula wali wa nazi sahani mbili. Nikalala mchana kama mfalme.

Alasiri hodi. Bi Mboni mwenyewe! Mwizi ameiba koki, watu wamekuwa wabaya, ameshanunua mpya dukani kwa Hussen. Anaomba mimi, mtaalamu wake, nikamfungie. Mwalimu anasubiri maji.

Nimeifunga. Kwa mikono yangu hii hii! Tena ameniambia nikaze vizuri. Nikakaza. Naogopa. Naandika naogopa, na bado sijaenda kusema.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi nimeshindwa kunywa chai. Nikaenda, kisingizio nimesahau chetezo. Bi Mboni alikuwa uani amempakata mtoto. Nikauliza Mwalimu yuko wapi. Bafuni, anakandwa. Nikaita. Kimya. Hita inawaka.

Nimepiga kikumbo mlango. Fortunata yuko kwenye kigoda, kichwa kimelala ukutani, midomo imepauka. Mama yake ameshika ukuta anatapika. Nikazima hita, nikavunja kioo cha dirisha kwa ndoo, nikawavuta nje mmoja mmoja, Bi Mboni anawatupia kanga huku akipiga mayowe. Fortunata hakujibu jina lake. Nikamwita tena. Nikamwita na tena. Akafungua macho akauliza mtoto yuko wapi.

Nimelia. Leo hapakuwa na moshi wa kusingizia.

Wamepelekwa hospitali, wamewekewa hewa ya oksijeni, madaktari wanasema watapona. Brighton amekuja, amepanda juu ya dari. Bomba linaishia hapo hapo juu ya mbao za dari! Fundi aliyeifunga hita aliogopa kutoboa bati lisije likavuja masika. Kila kitu kilikuwa kinarudi bafuni. Brighton ameuliza nani aliyekagua. Bi Mboni hakumsikia, alikuwa anawaambia majirani kwamba Mungu amenituma. Laurenti amenipigia akaniita ndugu yake wa damu. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema amina.

Jumapili, 15 Juni

Fortunata na mama yake wamerudi nyumbani wazima. Maji wanachemsha kwa kuni, nje. Kwenye misa nimepiga magoti nikaapa: sitasema tena hita ni salama bila kuliona bomba lake kwa macho yangu mpaka linapotokea juu ya bati. Nimesikia wepesi ajabu.

Bi Mboni hataki hata kuiona ile hita. Nimemwambia kitu cha hatari namna ile lazima kiondolewe na mtaalamu. Nimeibeba begani hadi nyumbani. Mpya kabisa! Kufika adhuhuri nimeshaifunga bafuni kwetu. Monika ameuliza bomba la moshi liko wapi. Limebaki juu ya dari ya Bi Mboni, nitalifuata nikipata nafasi. Hita inawaka vizuri tu bila bomba. Shida ilikuwa upepo wa dirishani, kila mara unazima moto. Nimepigilia ubao. Sasa haizimiki.

Monika anasema yeye haingii humo. Shauri yake. Naoga wa kwanza.