Herufi tisa siku ya posa

Jamani, leo nimejimaliza mwenyewe. Tena kwa neno moja.

Asubuhi tulitoka Sumbawanga kwenda Kaengesa kumposa Yustina, mimi na mshenga wangu, mzee Sikazwe. Njiani akanipa masharti. "Wewe mtu wa Mbeya, sikiliza. Mposaji haongei. Naongea mimi. Wewe inamisha kichwa, basi."

"Sawa, mzee." (Kuna kazi rahisi kuliko hiyo?)

Tukafika. Shikamoo zikazunguka sebule nzima: baba Yustina, mama yake, mashangazi watatu kwenye mkeka. Nikakaa, nikainamisha kichwa. Mbele yangu stuli, juu yake sinia la karanga za kuchemsha, chini ya sinia gazeti la zamani.

Nikaliona fumbo la maneno. Lilikuwa la mifupa tupu! Mtu alishajaza fuvu, nyonga, hadi mtulinga. Limebaki moja: "Kifupa cha mwisho kabisa cha uti wa mgongo, kwenye makalio. Herufi tisa."

Neno nalijua! Nikajaribu kitokono. Nane. Nikalisukuma sinia kidogo nione vizuri. Mama Yustina akadhani nina njaa, akanisogezea karanga zote. Fumbo likafunikwa. Nikabaki nalo kichwani.

Huku wazee wanaendelea. Mshenga kaeleza ukoo wangu, kazi yangu, hata kanisa ninalosali. Baba Yustina akakohoa, akauliza lile swali lenyewe:

"Sasa wageni, mmeona nini kizuri hapa kwetu hadi mkafunga safari?"

Mzee Sikazwe akavuta pumzi ajibu kwa heshima.

"Kifandugu!"

Ni mimi. Kwa sauti. Na goti nimelipiga.

Shangazi mmoja akaacha kutafuna. Mwingine akasema kitu kwa Kifipa. (Kifipa sijui, lakini hicho nilikielewa.) Mzee Sikazwe akafumba macho kama anayeungama. Jikoni, aliko Yustina, sufuria ikaanguka.

Nikajua mke nimemkosa.

Baba Yustina akanitazama, akanitazama tena. "Kijana," akasema taratibu, "hapa hatutoi vipande. Ukimtaka, mchukue mzima."

Mashangazi wakalala kwenye mkeka kwa kicheko.

Posa imepokelewa. Ila mshenga wangu karudi Sumbawanga hajanisemesha neno.

Mnaojiandaa kuposa, nawausia: ukiambiwa unyamaze, nyamaza mpaka kichwani. Na asicheke mtu hapa.