Nyuki wa Taa wa Chemchem

Octavian alikuwa hajamaliza hata kikombe cha kwanza cha chai pale Chemchem, mjini Tabora, na tayari alikwishajua kwamba Mungu anampenda. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na maduka mawili ya asali yaliyopakana ukuta, na wenye maduka walikuwa wamekaa vibarazani, kila mmoja akimchungulia mwenzake kwa jicho la pembeni. Mteja akiingia kwa mama, mzee wa duka la pili anakohoa. Akiingia kwa mzee, mama anafyonza. Mtu mwingine angeona maduka mawili tu. Octavian aliona husuda mbili zilizonona, zinangoja kisu.

Sasa tumtambulishe bwana huyu kwa heshima inayomstahili. Alizaliwa Biharamulo, akabatizwa Octavian, na shamba alilolima maisha yake yote ni ulimi wake mwenyewe. Mali yake duniani ilikuwa bango moja la taa, refu kama kitanda, alilotembea nalo limefungwa ndani ya blanketi. Bango lenyewe lilikuwa na chungu upande huu na chungu upande ule, na katikati safu ya nyuki wadogo wa plastiki, kila nyuki na kitaa chake tumboni. Ukiliwasha, kitaa cha kwanza kinawaka, kinazimika. Cha pili kinawaka, kinazimika. Cha tatu vivyo hivyo. Na jicho la binadamu, kiungo kivivu kupita vyote, linaapa kwamba limemwona nyuki mmoja akiruka kutoka chungu hiki mpaka kile. Mgongoni kulikuwa na swichi. Ukiibonyeza, nyuki anageuza safari.

Bango hilo lilitengenezwa na fundi mmoja wa Kariakoo ambaye alikwishahamia Kongo bila kuaga. Octavian mwenyewe alijua kulitundika na kuliwasha, basi. Hata kuunga waya hakujua. Alikwenda nalo mji hadi mji, akilionyesha, akichukua malipo ya mabango mengine yatakayokuja, kisha anaondoka na bango na malipo. Hayo yatakayokuja yanasubiriwa hadi leo. Bila bango lile, Octavian angekuwa anabeba zege juani kama vijana wengine wenye mikono. Alilijua hilo vizuri, ndiyo maana halikuwahi kulala mbali na miguu yake.

Kwa Tabora alijiongezea silaha ya pili. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakiteremka pwani na pembe na kupanda bara na nguo, wakiuguzana na kuzikana njiani. Mtani anaingia kwako bila hodi, anakutukana, anakula chakula chako, na wewe unacheka. Mgeni kutoka Biharamulo angeulizwa maswali. Mtani anavutiwa kiti. Kwa hiyo Octavian akafunga kikoi, akajiita Pazi, akawa Mzaramo kuanzia saa ile.

"Nyie wapagazi!" alipaza sauti akivuka barabara. "Mababu zenu wametubebea mizigo mpaka Bagamoyo, halafu mimi nasimama juani hamnipi hata kiti?"

Mama wa duka la kwanza, Bi Nyamizi, aliinua kichwa, akapasuka kicheko.

"Ehee! Mzaramo huyo! Umetoroka ngoma gani? Nyinyi mkipata kilo moja ya mchele mnacheza wiki nzima!"

"Tumeshaucheza ukaisha, mtani. Ndiyo maana nimekuja kula kwenu."

Jirani yake, Mzee Mabruki, alicheka naye, jambo ambalo halikuwa limetokea katika vibaraza vile kwa muda mrefu. Wawili hao walicheka kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha wakakumbuka kwamba hawapatani, wakanyamaza.

Magharibi ilipoingia, Octavian alilitundika bango juu ya mlango wa Bi Nyamizi, akaliwasha. Jamani! Waendesha bodaboda walisimama katikati ya barabara. Mama mmoja aliyetoka kumtazama mgonjwa hospitali ya Kitete aliweka kapu chini, akamfuata nyuki kwa kidole, kwenda na kurudi, mpaka shingo ikamuuma. Watu walikuja kumtazama nyuki, na aliyekuja kutazama aliona haya kuondoka mikono mitupu. Bi Nyamizi aliishiwa chupa.

"Mtani," Octavian alimnong'oneza, "umemwona nyuki anatokea upande wa nani?"

"Wa Mabruki."

"Anaingia kwa nani?"

"Kwangu." Macho ya Bi Nyamizi yalianza kung'aa. "Kwa hiyo wateja wake..."

"Sijasema mimi. Kasema nyuki. Macho yanamfuata nyuki, miguu inafuata macho. Hiyo ni sayansi, mama. Utafiti umefanywa."

Utafiti ni neno zuri sana. Halina mwenyewe, halina anuani, na hakuna aliyewahi kuliomba kitambulisho.

Kesho yake bango likawa juu ya mlango wa Mzee Mabruki, "kupima umeme wa upande ule," kama Octavian alivyomweleza Bi Nyamizi. Swichi ilibonyezwa, nyuki akageuza safari, na mnong'ono ule ule ukaingia katika sikio la mzee. Naye aliuliza swali lile lile, kwa tamaa ile ile. Wafanyabiashara hawa walikuwa hawasalimiani, lakini roho zao zilikuwa mapacha.

"Bei yake?" Mzee Mabruki aliuliza.

"Pesa sitaki. Pesa huharibu utani. Nipe asali kwanza, na wiki ijayo naleta bango lako, kubwa mara mbili ya hili. Ila jirani yako asijue."

"Nimwambie nini yule! Hata salamu simpi."

Kwa Bi Nyamizi aliahidi hivyo hivyo, kwa siri hiyo hiyo. Nzega kulikuwa na mnunuzi anayemsubiri kwa hamu, tajiri wa kupeleka asali Dar. Siku zile za kungoja, Octavian alikula kuku kwa Bi Nyamizi na michembe ya viazi vitamu kwa Mzee Mabruki, akiwatukana wote wawili kwa zamu, wakimcheka na kumwongezea mboga. Alinenepa. Alianza hata kujihisi Mzaramo.

Siku ya kupakia, zamu ya kwanza ikiwa ya Bi Nyamizi na duka la Mzee Mabruki limefungwa, mama alimwandalia ugali na kuku mzima barazani. Lori la shemeji yake Jilala lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kona, "maana hapa mbele trafiki wanasumbua." Wapagazi wakaanza kutoka stoo, kila mmoja na ndoo kichwani, wakiimba, wakipita mbele ya sahani ya Octavian na kupotelea kwenye kona.

Ndoo zilipita. Zikapita. Octavian alimaliza paja, zinapita. Alimaliza kidari, zinapita. Alianza kuona haya kidogo, maana alikuwa ametapeli watu wengi lakini hakuwahi kutapeli mtu mwenye moyo mkunjufu kiasi kile.

"Mtani," Bi Nyamizi alisema akimmiminia mchuzi, "asali yote hiyo naitoa kwa mtu ambaye hata kwao sipajui. Niachie basi hilo bango mpaka langu lifike."

Octavian aliurudisha mfupa sahanini. Aliacha kutafuna. Hilo ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulifanya. Bango lile ndilo lililokuwa baba yake na mama yake, na kulitazama tu likiwa ukutani kulimpa wivu.

"Mama, hili ni la maonyesho..."

"Haya, kama huniamini," Bi Nyamizi alisema kwa upole, akageukia stoo. "Nyie, teremsheni!"

"Hapana, hapana! Nani kasema sikuamini?" Octavian alitazama ndoo. Bado zilikuwa zinapita. Kwa shehena ile angeweza kumfuata fundi wake hukohuko Kongo na kumtengenezesha mabango kumi. Roho ilimvuta huku, tumbo likamvuta kule, na tamaa, ambayo ina nguvu kuliko vyote viwili, ikaamua kesi. "Lichukue, mama. Baina ya watani kuna amana gani?"

Hakuwa mjinga, msimwonee. Kabla ya kupanda lori alikwenda nyuma, akafunua turubai, akaona ndoo zimepangwa safu nzima kutoka chini hadi juu. "Onja hii hapa, mtani," Bi Nyamizi alimfungulia moja. Octavian alichovya kidole. Asali ya miombo, nzito, yenye harufu ya moshi. Akapanda mbele kwa Jilala, akalala usingizi wa watu wema mpaka Nzega.

Nzega, mnunuzi alifungua ndoo ya kwanza, akaonja, akatabasamu. Akafungua ya pili. Maji. Ya tatu, maji. Octavian aliiangusha chini safu nzima kwa mikono yake, na nyuma yake akakuta mizinga ya magome, mizee, mitupu, imerundikwa hadi kwenye turubai. Hata nyuki aliyekufa hakuwamo.

"Jilala!" alipiga kelele. "Hukuona gari jepesi?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umelala, mtani. Twende nikurudishe. Shemeji kasema ukishaona, nisikuache njiani."

Mnunuzi alikuwa amekaa juu ya mzinga, anacheka mpaka machozi. Octavian alipanda lori bila kumuaga, na njia nzima alilaani kwa hasira. Kwa hasira hiyo alifanya jambo ambalo tapeli mwenye akili timamu halifanyi: alikwenda kushtaki.

Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Revocatus, aliwaita Bi Nyamizi na Mzee Mabruki. Wakaja pamoja, wamekaa benchi moja, na hilo peke yake lilimtia Octavian baridi.

"Ni kweli, mwenyekiti," Bi Nyamizi alisema kabla ya kuulizwa. "Ule usiku bango lilipokuwa kwa Mabruki, nilikwenda kulitazama karibu, wivu umenijaa hapa. Nikaziba nyuki mmoja kwa kiganja. Nyuki akapita chini ya mkono wangu, akatokea upande wa pili! Ndipo nikajua hakuna anayeruka. Kila mmoja amekaa pake, macho ndiyo yanadanganywa. Mabruki akatoka kuniuliza nashikashika nini mali yake. Nikamwambia, mali yako? Yangu hiyo! Tukagombana mpaka tukaambiana kila kitu tulichoahidiwa."

"Tukaona," Mzee Mabruki alidakia, "kama taa zinaweza, na ndoo zinaweza. Zilikuwa ndoo chache tu. Zinatoka stoo, zinazunguka kona, zinaingia kwa mlango wangu wa uani, zinatoka tena kwa mama. Wapagazi walichoka, maskini. Lakini mtani alikuwa anakula polepole."

Mzee Revocatus alijaribu kukohoa ili asicheke, akashindwa. Alipopata pumzi alimgeukia Octavian kwa uso wa serikali.

"Bwana Pazi, kuna jambo moja tu nataka kulijua. Wewe ni Mzaramo au si Mzaramo?"

Octavian alikaza fundo la kikoi chake.

"Kama ni Mzaramo," mwenyekiti aliendelea, "hawa ni watani zako. Mtani akichukua chako, hushtaki, unakikomboa. Hapa hakuna kesi. Kama si Mzaramo, basi kesi ipo, na itaanza na wewe: jina lako nani, kwenu wapi, na hicho kiwanda cha mabango kiko mtaa gani. Nitaomba polisi watusaidie kukitafuta."

Octavian alitazama mlango; Jilala alikuwa amesimama hapo. Alimtazama Bi Nyamizi, naye Bi Nyamizi akamtazama kwa upendo mkubwa.

"Mimi," Octavian alisema, "mimi Mzaramo."

"Wa wapi?"

"Wa... Kisarawe."

"Basi cheka. Mtani hanuni."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kama cha mtu anayetoa mwiba, lakini kilihesabiwa.

"Na bango langu?" aliuliza.

"Utalikomboa," Bi Nyamizi alimjibu. "Siku utakayoleta yale mawili uliyotuahidi, chukua lako. Sisi si wezi."

Mzee Mabruki aligonga benchi kwa furaha. Na kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyezoea kulitundika, jioni hiyo Octavian ndiye aliyepandishwa ngazi na bango lake mwenyewe, alipigilie misumari katikati ya maduka mawili, liwe mali ya wote. Alipigilia msumari wa kwanza kama anaupigilia moyoni mwake. Alikuwa karibu kulia, kusema kweli. Aliliwasha, nyuki akaruka.

"Hapo hapo, mtani!" Bi Nyamizi aliita kutoka chini. "Nyuki anakuja kwangu. Usiguse tena."

Mzee Mabruki alinyanyuka barazani. "Anakuja kwako kwa nini? Tulikubaliana la wote. Mtani, bonyeza huko nyuma, ageuke!"

"Nani aliyekuwa na wazo la ndoo?"

"Na mlango wa uani ulikuwa wa nani?"

"Mabruki, usinitie wazimu!"

Watu walianza kujaa. Mzee Mabruki alishika mguu mmoja wa ngazi, Bi Nyamizi akashika wa pili, kila mmoja akimwamuru mtani wake juu, na wote wawili wakimwahidi chakula cha jioni. Octavian alitazama chini, akazitazama zile husuda mbili zilizonona, na kwa mara ya kwanza tangu Nzega alicheka bila kuamriwa.

"Watani zangu," alisema, kidole kikiwa kwenye swichi, "jambo hili linazungumzika."