Shuka ya Bi Nunziata na Jeshi la Kamera

Njoni, enyi mnaoanika na mnaoanua, tueni mabeseni yenu mkasikilize habari za Bi Nunziata Capuozzo, simba jike wa ghorofa ya tatu, malkia wa vibanio, aliyeizuia Roma nzima kwa kamba moja ya nguo katika kichochoro cha Naples, mwaka ule watu wa filamu kutoka Roma walipotapakaa mjini kama siafu.

Mwongozaji mashuhuri, Bwana Tancredi, mwenye skafu shingoni katikati ya joto, alitangaza kwamba amekuja kupiga picha ya maisha ya mnyonge jinsi yalivyo, na kwamba kesho kila mama aanike nguo zake kama kawaida. Hapo alijiponza mwenyewe, kwa maana mama gani wa Naples ataianikia Italia nzima viraka vyake? Kulipokucha kichochoro kizima kilipepea lesi na vitambaa vya meza vya mabibi waliokufa zamani, utadhani anapita askofu.

Bwana Tancredi alishika kichwa, akaagiza vyote vianuliwe. Akina mama wakanung'unika, wakaanua, wote ila mmoja. Bi Nunziata alikuwa ametundika shuka yake ya harusi, ya kitani, aliyoitarizi miaka mitatu akiwa msichana na ambayo haijapata kulaliwa na kiumbe. Tena alikuwa na sababu. Binti yake Immacolata alikuwa ameposwa, na mama wa kijana, Bi Ortensia, mke wa mfamasia, asiyekosa sinema Jumapili hata moja, alikwisha kusema waziwazi kwamba watu wale wanalalia matambara na kwamba posa hiyo anaifikiria upya. Viraka vikionekana sinema, posa imekufa.

"Mama, mimi naitaka ile yenye viraka," mwongozaji alipaza sauti kutoka chini. "Huo ndio ukweli wenu."

Bi Nunziata alitokeza dirishani, mikono kiunoni. "Ukweli wangu naujua mimi, baba, na jana nimeufua. Viraka nilivishona ili mume wangu apate usingizi, sikuvishona ili wewe upate sifa. Ukitaka matambara, vua hiyo skafu uianike."

Kichochoro kikaangua kicheko. Mwongozaji, uso umemwiva, akawatuma watu wake nyumba ya mkabala waivute kamba kwa upande wa pili. Hapo vita vikapamba moto: wanaume wanne wa Roma huku, mama mmoja wa Naples kule, kapi ikilia, shuka ikienda hatua mbili na kurudi tatu, vibanio vikiinyeshea kamera. Mumewe Sabatino, fundi viatu, alipanda ngazi mbio kumwokoa, akaiona shuka, akaduwaa.

"Nunziata, miaka ishirini na miwili nalalia viraka, kumbe hii tunayo?"

"Vuta kwanza, utauliza baadaye."

Akavuta. Wakavuta wote wawili hadi jua, ambalo kichochoroni humo hukaa saa chache tu, likaanza kupanda ukutani kuondoka. Pasipo jua hapana filamu. Bwana Tancredi aliangalia juu, akaangalia saa yake, akasema kwa sauti ndogo wapige picha hivyo hivyo.

Filamu ilifika sinema ya mtaani miezi kadhaa baadaye, Jumapili alasiri, na kichochoro kizima kikahamia humo. Mwigizaji mzuri alilia kwa ajili ya mapenzi, asitazamwe na mtu. Kisha, nyuma ya bega lake, kwa muda wa kupiga chafya moja, shuka ikapita, nyeupe, kila ua la uzi likionekana. Bi Nunziata hakuiona, maana alikuwa amefumba macho kwa hofu.

Safu ya mbele, Bi Ortensia alisimama, akawageukia watu.

"Mikono iliyotarizi ile," alisema, ukumbi mzima ukimsikia, "ni ya mkwe mwenzangu."

Watu wote wakainuka na kupiga makofi, na simba jike wa ghorofa ya tatu akalia machozi ya furaha mbele za watu bila kuona haya. Jina la filamu ile limesahaulika, na sifa za mwongozaji wake pia. Lakini na iandikwe kwamba katika mwaka ule Roma iliishukia Naples na kamera tatu, ikashindwa, na Immacolata akaolewa.