Uchumi kwa Vitendo, Matisi

Jumatatu, 3 Novemba

Mahindi yamekauka vizuri, mbingu inanitishia. Asubuhi Mafabi amenipigia simu. Huyu ni msimamizi wa wavunaji wanaovuka kutoka Uganda, na tangu zamani tunaelewana kwa simu tu. Ati mwaka huu bei yao imepanda, na chakula cha mchana kiwe chakula. Nimekataa kwa sababu ya msimamo. Mtu ambaye hujawahi kumwona uso hawezi kukupangia shamba. Agneta ameniuliza huo msimamo utavuna magunia mangapi. Mke hajibiwi kila kitu.

Mchana, bahati. Nasike wa Bungoma amepiga. Anaongoza kikundi cha kutetea wahamiaji: hao hao wavunaji, na mabinti wanaoenda kazi za nyumbani Uarabuni. Wanataka kufundishwa uchumi ili wakikaa mezani na waajiri wasibabaishwe. Mhadhiri wao ameugua. Amesikia kwamba mimi huchambua uchumi pale kwa kinyozi. Ni kweli. Huchambua hata nikiwa na taulo usoni.

Aliyeitaka kazi hiyo pia ni Mwalimu Wabwile, mstaafu wa Kanduyi, mwenye diploma. Nimemwambia Nasike diploma ya zamani ni kama maziwa ya juzi. Amecheka. Kazi nimepata. Wabwile atakuwa msaidizi wangu. Atabeba chati.

Jumanne, 4 Novemba

Kanduyi, ukumbi wa kanisa. Nimefundisha hivi: watu wakiwa wengi, mshahara hushuka, wakiwa wachache, hupanda. Hiyo ndiyo sayansi yenyewe, iliyobaki ni mapambo. Wakaandika. Bwana mmoja wa koti la bluu, mstari wa mbele, hakuacha hata neno. Raha iliyoje kuandikwa, bana.

Kisha Khairunisa akainua mkono. Huyu alifanya kazi Uarabuni akarudi na ulimi uliochongwa. Akauliza: mbona kule kila nyumba ilikuwa ikitafuta msichana, wasichana hawatoshi, na mshahara wake haukupanda hata siku moja? Nikasema ni swali zuri, tutalijibu baada ya chai. Nikainywa chai polepole sana. Waliningoja.

Hapo wazo likanishukia. Nikawaambia uchumi hauelewiki ukiwa umeketi. Alhamisi waje Matisi, Kitale, shambani, tufanye kwa vitendo. Mimi mwajiri, wao vibarua. Wavae gambuti. Nasike akasema hatimaye wamepata mkufunzi asiyewasomea kutoka ukutani. Wabwile alitabasamu tu huku akikunja chati. Sipendi tabasamu la mtu mwenye diploma.

Alhamisi, 6 Novemba

Wamefika mapema, wengi, wana nguvu. Wabwile akauliza shamba hili ni la nani. Nikasema ni shamba la mfano. Agneta alikohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Hadi saa nne walikuwa wamevunja mahindi mpaka chungu imenipita kimo. Mimi kivulini, nikiwahutubia juu ya faida ya mwajiri. Sijawahi kuielewa vizuri namna ile.

Kisha wingu likashuka kutoka mlima Elgon, jeusi tititi. Nikaamuru mahindi yafunikwe. Khairunisa akachukua turubai, akalitandaza chini, akaketi juu yake. Wote wakaketi. Ati kwenye somo, hapa ndipo vibarua huleta madai. Nikasema kwenye somo langu, hapana. Nasike akaniambia kwa heshima zote: "Bosi, na wewe hatuna ubaya. Tuna ubaya na masharti."

Nikasema, kama mwalimu, kwamba darasa limeisha. Wakasema mwalimu hana sauti shambani, aitwe mwenye shamba. Nikasema basi tumalizie kama marafiki. Marafiki wakauliza chakula kiko wapi.

Nikajitenga, nikampigia Mafabi. Alete watu upesi, bei yake ya Jumatatu nimeikubali. Simu ikalia kwenye turubai. Akaipokea yule wa koti la bluu, bila hata kuinuka. "Bosi, watu wangu ndio hawa. Na hiyo bei ya Jumatatu ilikuwa kabla sijasoma."

Matone ya kwanza. Khairunisa akasema jibu la swali lake amelipata mwenyewe. Kule Uarabuni pasipoti ilikaa kwa bosi, hakuna wa kuondoka. Sasa mshahara ungepandaje? "Leo turubai liko kwetu, Mwalimu. Ongea."

Nikamtafuta Agneta kwa macho. Alikuwa katikati yao, amenyoosha miguu. Akaniita: "Baba Kevin, kabla hujatia sahihi, na mambo ya jikoni yaingizwe."

Nikakubali yote. Mahindi yalifunikwa kabla sijamaliza kulitamka hilo neno. Posho yangu ya ukufunzi imewaendea vibarua. Jogoo wangu vilevile.

Ijumaa, 7 Novemba

Mahindi yamepona. Jogoo hakupona. Nasike amepiga kusema hawajawahi kupata somo kama lile. Wiki ijayo Mafabi na wenzake wanakutana na wenye mashamba makubwa, na safari hii hawaogopi. Kikundi kinataka somo lirudiwe Webuye. Atakayefundisha ni Wabwile. Mimi nibaki na nafasi ya mwajiri, kwa sababu naiigiza mpaka watu wanasahau kwamba ni mchezo. Nimemwambia kipaji ni kipaji.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetafakari sana kanisani, wakati wa mahubiri. Kosa langu lilikuwa moja tu: mahindi. Mahindi huogopa mvua. Somo la vitendo linataka kitu kisichooza. Nyumba, kwa mfano. Nina kiwanja pale nyuma ambacho kingependeza sana na vyumba vya kupangisha.

Nimemwandikia Nasike kwamba mtu hawezi kutetea makazi ya wahamiaji kama yeye mwenyewe hajawahi kubeba tofali. Waje na nyundo. Amejibu upesi kuliko nilivyotarajia. Watakuja wote, na tayari wamemchagua Agneta awe msemaji wao.

Naona ni heshima kwa familia.